Duara la Ngoma na Jicho la Kamera

Ndugu msomaji, katika harusi za siku hizi mjini Singida, iwe Majengo, iwe Utemini au Ipembe, kuna jambo moja ambalo halikosekani. Ngoma ikikolea, na akina mama wakianza kuzunguka, watu wawili watatu hutoka katika duara. Hawakuchoka. Wametoka ili wapate picha. Huinua simu juu ya vichwa vya wenzao, wakarekodi nusu dakika, na kabla mdundo haujabadilika picha imekwisha kumfikia shangazi aliyeko Dar es Salaam na kaka aliyeko Mwanza.

Hiyo, ndugu msomaji, ni filamu fupi ya ngoma. Aliyeipiga huenda hajui kwamba ametengeneza filamu, lakini ameitengeneza, na ameingia katika kazi yenye umri wa miaka zaidi ya 130. Yafaa basi tujue wenzetu wa nchi nyingine waliifanyaje kazi hiyo, walifanikiwa wapi na walikwama wapi. Maana yaliyowakwamisha ndiyo yanayotungoja sisi huku kwetu, kutoka Manyoni hadi Mkalama.

CHUMBA CHEUSI CHA EDISON

Septemba 24, 1894, katika jimbo la New Jersey nchini Marekani, wacheza ngoma wa kabila la Wasioux waliingizwa katika jengo lililofunikwa karatasi za lami, jeusi ndani na nje, ambalo paa lake hufunguliwa ili jua liingie. Jengo lilikuwa la Thomas Edison, na lilijengwa kwa kazi moja tu, kupiga picha zinazotembea. Wachezaji hao walikuwa waajiriwa wa maonyesho ya Buffalo Bill. Walicheza mbele ya kamera kwa muda usiofika nusu dakika, wakaambiwa basi.

Moja ya picha zilizopigwa siku ile ilipewa jina la Ngoma ya Mizimu ya Wasioux. Jina hilo halikuwa la mchezo. Miaka minne tu kabla ya hapo, ngoma ya mizimu ilikuwa imewatia hofu watawala wa Marekani, wakidhani ni maandalizi ya vita. Na mwezi Desemba 1890 askari wakawaua Wasioux wasiopungua 150, wanawake na watoto wakiwamo, mahali paitwapo Wounded Knee. Sasa jina la ngoma ile likawa tamasha la kuchungulia. Nasema kuchungulia kwa sababu picha za Edison za wakati huo hazikuonyeshwa ukutani. Mtu alilipa, akainama juu ya kasha, akatazama peke yake kwenye tundu.

Katika jengo hilohilo alipigwa picha binti mmoja, Annabelle Whitford, akizungusha vitambaa virefu vilivyopeperuka kama mawimbi. Nakala nyingine zilipakwa rangi kwa mkono, picha moja baada ya nyingine, hata leo ukizitazama utastaajabu. Lakini ngoma ile haikuwa yake. Aliyeipa umaarufu ni Mmarekani mwingine, Loïe Fuller, ambaye mwaka 1892 alikwenda mahakamani New York kumzuia mchezaji mwenziwe asiiige. Akashindwa. Mahakama ilisema kwamba mchezo usiosimulia hadithi hauwezi kulindwa kama tungo. Kwa hiyo tangu siku za mwanzo kabisa filamu ya ngoma ilizaliwa na swali ambalo halijapata jibu la kutosheleza: mwenye ngoma ni nani? Ni aliyeibuni, ni aliyeicheza, au ni mwenye kamera?

Hapa nchini filamu fupi zilianza mapema kuliko wengi wanavyodhani. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza walitengeneza filamu 35 za kuwafundisha Waafrika afya, kilimo na kuweka akiba, wakazungusha kwa lori vijijini. Katika miaka ya 1950 kijana Rashidi Kawawa, ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu, aliigiza katika Muhogo Mchungu. Ni sifa nzuri kwa historia yetu, lakini nia ya filamu hizo ilikuwa kutufundisha, si kujifunza kutoka kwetu, kwa hiyo hazitusaidii sana katika habari ya leo.

MGUU MMOJA MSITUNI, MWINGINE CHUMBANI

Kwa muda mrefu kamera iliwekwa mbele ya mchezaji kama mtu aliyekaa kwenye kiti cha ukumbi. Haikusogea. Aliyeiondoa kitini ni mwanamke, Maya Deren, aliyezaliwa Kiev na kukulia Marekani. Mwaka 1945 alitengeneza filamu ya dakika tatu hivi, isiyo na sauti, akiwa na mchezaji mmoja tu, Talley Beatty, Mmarekani mweusi aliyekuwa amecheza katika kundi la Katherine Dunham. Beatty anaonekana msituni akizunguka taratibu. Anainua mguu katikati ya miti. Mguu huohuo unatua sakafuni ndani ya nyumba. Mwishoni anaruka, na mruko unaendelea muda mrefu kuliko mwanadamu yeyote awezavyo kukaa hewani, kwa kuwa Deren aliunganisha vipande kadhaa vya picha vikawa mruko mmoja.

Ukiitazama utaelewa mara moja kwamba ngoma ile haiwezi kuchezwa mahali popote duniani isipokuwa ndani ya filamu. Hapo ndipo filamu fupi ya ngoma ilipokuwa sanaa inayojitegemea, ikaacha kuwa kumbukumbu tu. Mwaka 1968 Norman McLaren wa Kanada alifuata njia hiyo kwa namna yake katika filamu iitwayo Pas de deux. Wachezaji wawili, mwanamke na mwanamume, wamemulikwa kwa nyuma katika giza, na kila picha imerudiwa juu ya nyingine mara nyingi, hata mkono ukipita unaacha vivuli vya njia yake kama mkia wa nyota. Ni dakika 13 hivi, na kwa maoni yangu ni nzuri kupita kiasi. Inapendeza macho, lakini haikuiti uinuke ucheze.

Na hilo ndilo linalotufikisha nyumbani.

DUARA HALINA MBELE

Ngoma nyingi za kwetu huchezwa kwa duara. Duara halina mbele wala nyuma. Anayetazama leo ndiye atakayeingia kesho, na mara nyingi anayetazama sasa hivi ndiye anayeitikia wimbo, anayepiga makofi, anayetunza. Kamera, kwa upande wake, ina mbele moja tu. Popote utakapoisimamisha, nusu ya wachezaji watakuonyesha migongo.

Si kamera peke yake iliyoleta tatizo hilo. Mwalimu Nyerere, alipohutubia Bunge Desemba 10, 1962, siku moja baada ya kushika urais wa Jamhuri, alisikitika kwamba wengi waliosoma walijivunia kujua rumba na chachacha ilhali hawajapata hata kuzisikia gombe sugu, mangala na lele mama. Akaunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Kikaja Kikundi cha Taifa cha Ngoma, na baadaye, mwaka 1981, Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Ilikuwa kazi kubwa na ya heshima, na bila hiyo huenda ngoma kadhaa zisingejulikana nje ya wilaya zake. Lakini jukwaa lina mbele, na wageni wa heshima hukaa upande mmoja. Duara likafunguliwa, likawa mstari. Ngoma ya usiku kucha ikawa ya dakika saba.

Sasa simu imeukaza mstari huo zaidi. Kioo chake kimesimama wima kama mlango mwembamba. Watu wawili wakienea, watatu wanabanana. Vijana wanaocheza mbele ya simu hujipanga wakiikabili, mikono na mabega yakafanya kazi kubwa, kwa sababu miguu aghalabu hukatwa na ukingo wa picha. Mtazame mwanao akicheza sebuleni kwa ajili ya TikTok, kisha mtazame bibi yake akicheza uani. Mmoja anacheza akitazama mbele. Mwingine anacheza akitazama wenzake.

Je, duara haliwezi kupigwa picha? Linaweza. Machi 15, 1971, katika kijiji cha Simiri nchini Niger, wakulima wa uwele, kama wakulima wetu wa Iramba na Singida, walikuwa uwanjani siku ya nne wakiwaomba pepo wayalinde mazao yasiliwe na nzige. Jioni ilikuwa inafika na hakuna aliyepandwa. Mfaransa Jean Rouch, aliyekuwa amekwenda nchi hiyo kwa miaka zaidi ya 25, akaamua angalau azipige picha ngoma zenyewe, turu na bitti, zilizokuwa zinaanza kusahauliwa. Hakusimama pembeni. Aliingia uwanjani kamera ikiwa begani, akatembea kati ya wapigaji na wachezaji. Ngoma zikanyamaza, yeye hakuzima. Zikaanza tena, na mchezaji mmoja akapandwa na pepo, halafu mwingine. Picha ile inakwenda kama dakika 10 bila kukatwa, yaani urefu wote wa mkanda. Rouch mwenyewe aliamini kwamba kuingia kwake uwanjani kuliiharakisha shughuli.

Hilo, msomaji, halihitaji fedha. Simu yako haina mkanda wa kuisha baada ya dakika 10. Ukiruhusiwa, ingia ndani ya duara, ishike simu kifuani badala ya kuinyoosha juu, tembea na mdundo, usikate mpaka wapigaji wapumzike. Igeuze ilale kwa upana. Mwonyeshe anayeitikia sawasawa na anayeimbisha. Kwa Wagogo wa Manyoni, muheme hupigwa na wanawake, ngoma wameibana katikati ya mapaja; ukionyesha nyuso tu bila mikono umeacha nusu ya habari. Na uziangalie sauti: nyimbo za Wagogo zina sauti nyingi zinazopishana, nao upepo wa Singida kila mtu anaujua. Ukisimama kinyume chake utarudi nyumbani na mvumo mtupu.

SAHANI ZA LUANDA

Nisije nikadhaniwa kwamba naidharau simu. Februari 2020, huko Luanda, Angola, kikundi kiitwacho Fenómenos do Semba kilijirekodi uani kikicheza wimbo Jerusalema wa Master KG na Nomcebo wa Afrika Kusini, wachezaji wakiwa wameshika sahani za chakula na kuendelea kula. Haina mapambo yoyote. Ni ua, ni sahani, ni majirani. Miezi michache baadaye, dunia ikiwa imefungiwa ndani na ugonjwa wa korona, wauguzi, watawa, askari polisi na wahudumu wa ndege katika mabara yote walizicheza hatua zilezile. Naamini siri yake ni kwamba vijana wale wa Luanda hawakuacha maisha yao ili wacheze. Kamera iliwakuta wakila.

Lakini swali la Loïe Fuller halikuchelewa kurudi. Mwaka 1921 lisingeshangaza, ila huu ulikuwa 2021: kampuni yenye kusimamia haki za wimbo ilizidai ada taasisi kadhaa za Ujerumani zilizokuwa zimejirekodi zikiucheza. Wimbo ulikuwa na mwenyewe. Hatua za miguu zilizotoka Luanda hazikuandikiwa bili na mtu.

Na hapa kwetu, mwaka huohuo 2021, kijana wa Kimaasai wa Mkoa wa Pwani, Kili Paul, pamoja na dada yake Neema, walijipatia mamilioni ya watazamaji kwa kufuatisha nyimbo za sinema za Kihindi wakiwa wamesimama nje ya boma, mavazi yao ya Kimaasai yakipepea. Februari 2022 ubalozi wa India nchini ulimpa heshima. Nampongeza. Hata hivyo, tazama kwa makini kilichosafiri: shuka na shanga za Kimaasai zimesafiri, ngoma ya Kimaasai imebaki nyumbani. Sisemi ni kosa lake. Watazamaji ndio waliotaka hivyo.

ZISIZO ZA KUTAZAMWA

Nimelibakiza jambo gumu. Tumezungumza kana kwamba kila ngoma imewekwa hapo ipigwe picha. La hasha.

Turudi kwa Maya Deren, ambaye kwa ustadi wa kukata na kuunganisha hakuwa na mpinzani. Mwaka 1947 alikwenda Haiti akiwa na azma ya kutengeneza filamu juu ya ngoma za dini ya vodou, yenye asili ya Afrika Magharibi na Kongo. Alirekodi kwa saa nyingi. Alikaribishwa, akashiriki, akarudi tena na tena. Alipofariki mwaka 1961 filamu ilikuwa bado haijakamilika. Wengine ndio walioiunganisha baadaye. Yeye aliandika kitabu badala yake, akakiri kwamba aliyoyakuta hayakukubali kupangwa upya kwa matakwa ya msanii. Mguu wa Beatty aliweza kuuondoa msituni akautua chumbani kwa sababu ngoma ile waliibuni wao wawili. Ngoma za Haiti zilikuwa na wenyewe, tena wenyewe wengine hawaonekani.

Huko Australia kuna picha za ngoma za siri za wenyeji wa asili, zilizopigwa na Baldwin Spencer mwaka 1901. Leo makumbusho yenye picha hizo hayamwonyeshi kila mtu; kuna zinazohifadhiwa kwa ajili ya wazee wa kabila husika peke yao. Miaka zaidi ya mia baada ya kamera kuchukua, mlango umerudishwa.

Mkoa wa Singida unayo milango ya namna hiyo. Unyaturu, imaa ni shughuli ya akina mama, na mwanamume hana nafasi ndani yake. Kwa Wanyisanzu wa Mkalama, mvua ikigoma, wanawake huwa na ngoma zao za kuiomba, na siku hiyo wanaume hujiepusha njia wasije wakaona. Na katika wilaya hiyohiyo ya Mkalama, upande wa Munguli na bonde la Ziwa Eyasi, Wahadzabe wana ngoma iitwayo epeme. Huchezwa usiku usio na mwezi. Mioto huzimwa. Wanawake huimba gizani, na wanaume huingia mmoja mmoja, manyoya ya mbuni kichwani, njuga mguuni, wakikanyaga ardhi kwa kishindo na kuzungumza na wanawake kwa mbinja.

Fikiri, ndugu msomaji. Hii ni ngoma iliyopangwa isionekane hata na waliomo. Giza si upungufu wa taa; giza ni sehemu ya ngoma kama wimbo ulivyo. Kuna simu za siku hizi zinazoona usiku kuliko jicho la binadamu, na mtu akiipeleka huko atapata picha safi ya kitu ambacho si epeme tena.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inaulinda usanii wa jadi: anayetaka kuutumia kwa kuchuma faida, nje ya mazingira yake ya kawaida, yampasa apate kibali. Sheria hiyo haimgusi mjomba anayerekodi harusi ya mpwa wake. Lakini video hupaa, na zikipaa huweza kuleta fedha, na fedha hazijui njia ya kurudi Munguli au Unyaturu zenyewe.

Kwa hiyo, ukifika kijijini kwenu wakati wa shughuli na ukataka kurekodi, mwulize kwanza anayeiongoza, si kijana mwenzako anayependa kuonekana. Rouch alikuwa na desturi ya kurudi na filamu na kuwaonyesha waliomo kabla ya watu wengine. Nawe fanya vivyo hivyo, jioni ileile ikiwezekana, simu ikipita mkono kwa mkono. Wazee watakuambia ni kipande gani kiende kwa ndugu walioko mbali, na ni kipi kiishie pale. Cha kuishia pale kifute mbele yao, waone kimefutika.